Djembe na ngoma za mkono za Afrika Magharibi: kila mdundo una mahali pake au ni burudani tu?

Dogo wa Temeke

Wakuu habari za jioni. Mimi nipo kwenye kikundi cha ngoma hapa Dar, tunapiga kwenye sendofu, harusi, mahafali ya shule na wakati mwingine hotelini kwa wageni. Tulikuwa na ngoma zetu za kawaida tu ila mwaka huu tumeongeza djembe mbili na moja naipiga mimi, na kusema ukweli nimeipenda mno, ile sauti ya pembeni ya ngozi ukiipata sawasawa inapasua ukumbi mzima, hata mtu aliyekuwa anakula anageuka kuangalia.

Sasa naomba mnisaidie maana kila ninayemuuliza ananipa jibu lake. Hii ngoma kwao ni wapi hasa? Mmoja ananiambia Senegali, mwingine Ghana, mwingine Mali. Halafu sisi midundo tumeichukua yutubu, tunapiga Kuku, Kassa na Soli, na tunaipiga popote tu, harusini, kwenye ufunguzi wa duka, kokote wanakotuita. Nataka kujua kwa wenyewe huko hii midundo ina mahali pake au la, kwa sababu hapa kwetu ukichukua ngoma ya unyago ukaenda kuipiga kwenye ufunguzi wa duka bibi zetu hawatakuacha salama.

La mwisho ndo linaloniuma zaidi. Kwenye kikundi tuna dada mmoja anapiga djembe kutuzidi sisi wote, sasa juzi harusini mzee mmoja akamwambia huko Afrika Magharibi mwanamke haigusi hiyo ngoma. Dada wa watu akaiweka chini, shughuli nzima hakupiga tena. Hii ni kweli? Mwenye kujua aje tafadhali.

Aliyekaa Bamako

Dogo umeuliza vitu vya maana, ngoja nikujibu taratibu. Nilikaa Bamako kikazi na mtaa niliopanga kila Jumapili lazima turubai lifungwe katikati ya barabara kwa ajili ya harusi, kwa hiyo mengine nimeyaona kwa macho na mengine nimeambiwa na wapigaji wenyewe.

Djembe ni ya watu wa Mande, yaani Wamalinke, Wabambara na jirani zao. Nchi yao leo imegawanyika, kipande kipo Guinea ya juu, kipande kusini mwa Mali, kipande kaskazini mwa Kodivaa, ndo maeneo ya ule ufalme wa Mali wa Sundiata Keita wa karne ya 13. Senegali na Ghana utaikuta sana lakini wao wana ngoma zao za zamani tofauti kabisa. Ghana wanachonga djembe nyingi za kuuza nje ndo maana watu wanadhani ni ya kule, na siku hizi hata Indonesia zinatengenezwa kwa wingi.

Kuhusu nani anaruhusiwa kupiga, watu wanachanganya sana djembe na djeli. Djeli ni mtu wa ukoo, anazaliwa humo, kazi yake ni kutunza historia na sifa za koo za watu, na vyombo vyake ni kora na ngoni za nyuzi, na balafoni, yaani marimba ya mbao. Djembe haina ukoo wa namna hiyo. Aliyekuwa anaichonga ni numu, yaani mhunzi, kwa sababu ndo mwenye vyuma vya kuchimbia gogo na pia watu wanaamini ana nguvu fulani za kushughulika na moto na miti, lakini kupiga ni yeyote aliyejaliwa na akakubali kukaa chini ya mkubwa wake miaka na miaka. Akiiva anaitwa djembefola. Famoudou Konaté aliyezaliwa Sangbaralla mwaka 1940 na Mamady Keïta wa Balandougou aliyezaliwa 1950 ndo majina makubwa kuliko yote, wote ni watoto wa vijijini Guinea waliojifunza hivyo hivyo kwenye shughuli za kijiji.

Halafu kitu kimoja vikundi vyetu vingi vinakosea, djembe haiendi peke yake. Zipo zile ngoma za mapipa za kupigwa kwa fimbo, dunun, ziko 3, kubwa ni dununba, ya kati sangban, ndogo kenkeni, na juu yake kuna kengele ya chuma. Ukitaka kujua mdundo gani unapigwa sikiliza sangban, sio djembe. Sangban ndo inabeba mdundo na djembe inacheza juu yake. Ukipiga djembe 5 bila dunun, Mmalinke anaskia kelele nzuri tu.

Sasa midundo yako. Kassa ni ya shamba, Hamana huko maeneo ya Kouroussa, wakati wa mavuno vijana wanapanga mstari shambani na wapigaji wanatembea nao, mkono wa mvunaji unafuata ngoma na anayebaki nyuma anaonekana na kila mtu. Soli ni ya jando, inapigwa kuelekea siku ya kutahiriwa watoto. Kwa hiyo umeuliza vizuri kabisa, hiyo Soli ndo unyago wako. Kuku ni ya Guinea ya misituni, upande wa Beyla, ilikuwa ngoma ya kina mama wakitoka kuvua samaki, wanacheza duara. Hii imeshakuwa ya sherehe yoyote, pigeni harusini bila wasiwasi.

Fundi wa Mizinga

Mimi naongezea upande wa utengenezaji tu maana ndo kazi yangu, nachonga na kuwamba ngoma.

Djembe ya kweli ni gogo moja, haiungwi vipande. Mti wao mkubwa kule ni lenke, na lenke ni ndugu wa damu wa mbambakofi yetu, wengine mnaiita mkongo. Wanatumia pia mti wa jamii ya mkangazi na mwingine wa jamii ya mninga, na mvule wanao kama sisi. Kwa hiyo anayekwambia djembe nzuri haiwezi kutoka huku kwa sababu hatuna miti anakudanganya. Shida ni kwamba mbao hizo ni ghali na zinaisha, fundi wa haraka anachukua mti laini wa wiki mbili tangu ukatwe, ukikauka unapasuka kuanzia mdomoni.

Ndani lazima pachimbwe vizuri, lile bakuli la juu na ile koo ya kati, koo ikibana sana au ikiwa pana sana besi inapotea. Ngozi ni ya mbuzi, zamani walitumia hata ya swala. Unailoweka usiku kucha, unaiweka katikati ya pete za nondo, unavuta kamba ikiwa bado mbichi, unaacha ikauke kabisa ndo unanyoa manyoya kwa wembe taratibu. Ukinyoa kwa pupa unakwangua ngozi na siku ya kwanza tu inachanika. Ikishakauka ndo unavuta tena kwa kusuka yale mafundo ya chini, kila fundo linapandisha sauti. Hizi pete na kamba za nailoni ni mambo ya miaka ya 1970 kuja mbele, kabla ya hapo waliwamba kwa vigingi au kwa kamba za ngozi, na sauti ikishuka waliisogeza kwenye moto.

Dogo djembe zenu angalieni hapo mdomoni. Ukingo ukiwa mkali kama ukingo wa debe unakula ngozi na unaumiza vidole, chukua msasa uuzungushe uwe mviringo.

Binti Likoni

Mimi nimeumia kwa huyo dada. Aliyemwambia vile ana ukweli nusu na nusu nyingine hakuisema.

Ni kweli kwa Mande djembe ilikuwa ya wanaume, lakini hiyo haimaanishi wanawake walikaa bila ngoma. Wao wana kibuyu kikubwa kinachofunikwa juu ya maji kwenye chombo kingine, wanakipiga kinatoa besi tamu sana, na wana vibuyu vilivyovalishwa nyavu za kauri vya kutikisa. Na ukiangalia harusi za Bamako wenye shughuli ni nani? Kina mama. Wao ndo wanaokodi wapigaji, wanaoamua ngoma gani ianze, wanaoingia uwanjani na wanaotoa hela. Mpigaji anafuata miguu ya mama aliyeingia kati, kama mama hajafurahi mpigaji hali.

Senegali nako kuna ngoma inaitwa sabar, ya Wawolof, inapigwa mkono mmoja mtupu na mkono mwingine umeshika kijiti chembamba. Hiyo ndo ya ukoo kweli, ukoo wa gewel, baba kwa mtoto. Mwalimu wao mkubwa alikuwa Doudou N'Diaye Rose wa Dakar, alizaliwa 1930 akafariki 2015, alikuwa anaweza kusimama mbele ya wapigaji 100 akawaongoza kwa kijiti tu. Sasa huyo mzee mwenyewe, mtu wa ukoo, mtu wa mila kabisa, ndo aliyewaweka mabinti zake na wakweze kwenye ngoma akaunda kikundi cha wanawake watupu kinaitwa Les Rosettes. Na alizunguka nao dunia akijivunia. Kama yeye alifanya hivyo nani mwingine wa kumwambia dada yetu aweke djembe chini harusini Temeke?

Na tusiende mbali, hapa pwani Bi Kidude aliyefariki 2013 alikuwa anausimamia msondo wa unyago mwenyewe, ameufunga kiunoni anaupiga, na hakuna mwanaume aliyekuwa anathubutu kusema neno. Mwambieni huyo dada arudi kwenye kiti chake.

Umurundi wa Kigoma

Dada wa Likoni naunga mkono ila nitaongeza jambo moja kutoka kwetu ili mjue kwamba hili suala lina uzito. Burundi ngoma za kifalme ziliingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2014, halafu mwaka 2017 ikatoka amri ya rais kwamba wanawake wasipige ngoma hizo, na vikundi viombe kibali serikalini. Kabla ya hapo kulikuwa na vikundi vya mabinti wanaopiga. Kwetu ngoma ilikuwa ya mwami, ngoma na ufalme ni kitu kimoja, kwa hiyo wanaotetea amri wana hoja ya mila, mimi sikubaliani nao lakini hoja wanayo.

Ninachotaka kusema ni kwamba djembe sio ngoma ya kifalme. Huwezi kuchukua katazo la ngoma ya mfalme ukalibandika kwenye ngoma ya harusi na mavuno. Kila ngoma iulizwe habari zake.

Mtemi wa Zamani

Wakuu nisamehewe lakini mimi hili la djembe linanikera. Wagogo wana muheme, wanawake wanapiga ngoma zimebanwa mapajani na zinaita hatari. Wazaramo wana ngoma zao, Wasukuma wana zao, Wamakonde msiseme. Lakini ukienda hoteli yoyote ya ufukweni unakuta djembe. Kwaya, djembe. Mahafali, djembe. Watoto wetu wanaijua Kuku ya Guinea hawaijui mdundiko. Dogo badala ya kuhangaika Kassa ni ya nini ungeenda kumuuliza bibi yako ngoma ya kwenu.

Aliyekaa Bamako

Mtemi uchungu wako naujua na sehemu kubwa nakubaliana na wewe. Ila Dogo kasema wana ngoma zao za kawaida wameongeza djembe 2, hajasema wametupa za kwao. Na mtu anayeuliza mdundo wa watu una mahali gani ndo huyo huyo atakayeenda kumuuliza bibi yake.

Mwanasanaa Bagamoyo

Mtemi ukitaka kujua kwanini djembe imefika kila kona na muheme haikufika, sababu haipo kwenye sauti. Ni siasa.

Fodéba Keïta wa Guinea alianzisha kundi lake la ngoma Paris mwanzoni mwa miaka ya 1950, Les Ballets Africains. Guinea ilipopata uhuru tarehe 2 Oktoba 1958 kundi likawa la taifa, na serikali ya Sékou Touré ikaweka mfumo wa mashindano kuanzia vijijini, wilayani, mkoani mpaka taifa, wapigaji bora wanachukuliwa kwenda Conakry. Famoudou Konaté aliingia hivyo mwaka 1959, Mamady Keïta akachukuliwa 1964 akiwa na miaka 14 akaenda Ballet Djoliba. Walizunguka dunia nzima kwa niaba ya nchi, na baadaye hao hao wakafungua shule Ulaya, Mamady alifungua yake Brussels mwaka 1991. Huyo Fodéba mwenyewe alikuja kuwa waziri halafu akauawa kwenye gereza la Camp Boiro mwaka 1969 na serikali aliyoitumikia. Mimi kila nikikumbuka hilo roho inaniuma, mtu ametoa ngoma ya nchi yake duniani halafu anaishia hivyo.

Na hiyo jukwaa iliibadilisha djembe. Kijijini ni djembe moja au mbili na dunun, duara, watu wote wanaingia. Jukwaani wakaweka djembe nyingi mstari mmoja, mwendo ukakazwa, kila kitu kinapangwa kabla. Midundo ya vijiji vilivyo mbalimbali, ya msituni na ya savana, ikashonwa pamoja kwenye onyesho moja la saa mbili. Kwa hiyo Dogo hicho ulichojifunza yutubu kina uwezekano mkubwa kimetoka jukwaani na sio kijijini, sio kibaya, ila ujue ulipoingilia.

Mfano dununba. Jukwaani ni wanaume wamejaza misuli wanaruka. Kule Hamana ni ngoma ya rika. Vijana wa rika la chini wanataka nafasi ya kaka zao uwanjani, wanaingia na mijeledi, wanachapana migongoni huku wanacheza kwa mwendo wa taratibu na ngoma haikatiki, anayekimbia ndo kashindwa. Ukiitoa rika na mjeledi pale inabaki misuli.

Kwame wa Kariakoo

Nimekaa Accra kwa biashara, jina hili walinipa huko maana nilizaliwa Jumamosi. Naomba niseme habari za kule kwa sababu hamjazigusa.

Wao ngoma yao ya mkono inayojulikana zaidi ni kpanlogo, ya Waga wa Accra. Hii sio ya kale, ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa vijana wa mitaa ya Bukom, anatajwa sana Otoo Lincoln. Wazee waliipiga vita kwa jinsi kiuno kinavyochezwa, wakaona ni uhuni, leo ni ngoma ya heshima inapigwa mpaka misibani. Ngozi yake imeshikwa na vigingi vya mti, ikilegea unachukua nyundo unagonga vigingi.

Lakini kilichonishangaza Accra sio kupiga, ni kunyamaza. Kila mwaka kabla ya sikukuu ya Homowo, kuanzia Mei hivi, makuhani wakishapanda nafaka yao ya madhabahuni unakuja mwezi mzima hakuna ngoma. Kelele hakuna. Spika za baa zinazimwa, wenye misiba wanazika kimya. Waga wanaamini mbegu na miungu wanahitaji utulivu. Kuna miaka, mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, ilileta mapigano na makanisa ya kilokole ambayo hayakutaka kuzima ngoma zao, watu waliumizwa, mpaka serikali na wazee wakakaa pamoja wakakubaliana viwango vya sauti. Halafu ikifika siku ya kuondoa katazo, wanaiita Odadaa, ngoma zinafunguliwa rasmi na mji mzima unaripuka. Mimi ndo siku niliyoelewa ngoma kwa watu hawa ni nini, mpaka kunyamaza kwake kuna ratiba.

Na Waashanti wale wa atumpan, zile 2 kubwa za kusemea zinazopigwa kwa vijiti vilivyopinda, mpigaji hawezi kuanza tu. Kwanza anaisalimia ardhi, anausalimia mti uliotoa mzinga, wanauita tweneboa, anamsalimia na mnyama aliyetoa ngozi, ndo anaanza maneno ya mfalme.

Fundi wa Mizinga

Kwame hiyo tweneboa ni jamii moja na mringaringa wetu. Warundi na Waganda wanachonga ngoma zao kwenye mringaringa. Mti laini, mwepesi, haupasuki hovyo, na mafundi wa pande mbili za bara wameuchagua bila kuulizana.

Dogo wa Temeke

Aisee nashukuru wakuu, sikutegemea kupata haya yote. Nimemtumia dada meseji ya Binti Likoni yote kama ilivyo. Mtemi na wewe nimekuskia, mdundiko tunao na bibi yangu yupo hai, nitamfuata.

Swali lililobaki. Mmoja wetu anapiga kwaya kanisani na mchungaji amekataza djembe isiingie, anasema zile ngoma zina mapepo ya huko kwao. Mnasemaje?

Mama Ayo, Lagos

Mimi ni Mtanzania nimeolewa kwa Wayoruba, hili naweza kulijibu.

Yapo mambo ya namna hiyo lakini hayapo kwenye djembe, na hata yalipo yana mipaka yake inayojulikana. Wayoruba wana ngoma zinaitwa bata, zina nyuso mbili, moja kubwa moja ndogo, zinapigwa pande zote, ile kubwa inayoongoza inaitwa iya ilu, yaani mama wa ngoma, na nyingine zinaifuata. Hizo ni za Sango, mungu wao wa radi, na za mizimu ya Egungun. Zilivuka bahari na watumwa mpaka Cuba na mpaka leo kule wana bata zilizowekwa wakfu, ndani yake mna kitu wanakiita Aña, haziguswi na asiyeapishwa. Lakini hao hao Wacuba wana bata nyingine zisizowekwa wakfu, hizo ni za kujifunzia na za burudani, na wanatofautisha vizuri kabisa. Maana yake hata kwa wenye dini hiyo mti na ngozi peke yake sio roho.

Ukoo wa wapigaji kwa mume wangu majina yao yanaanza na Ayan, kama Ayantunde au Ayanwale, ukiskia jina tu unajua huyu ngoma iko kwenye damu. Na wapo kati yao Waislamu wazuri tu na Wakristo wazuri tu. Makanisa ya huku Nigeria bila dundun, ile ngoma yenye kiuno ya kubana kwapani inayotamka maneno ya Kiyoruba kwa kupanda na kushuka, ibada haijaanza. Mchungaji wenu akija Jumapili moja Lagos ataimba.

Shangazi Minnesota

Na mimi niseme la huku Marekani. Mwaka 1739 watumwa wa Carolina Kusini waliasi, waliandamana wakipiga ngoma na wengine wakajiunga njiani, basi mwaka 1740 sheria ikapitishwa kuwakataza watumwa ngoma na mabaragumu. Wazungu wale walijua ngoma inakusanya watu. Kwa hiyo huku wengi walikaa kizazi na kizazi bila ngoma za mkono mpaka walipokuja kina Babatunde Olatunji kutoka Nigeria miaka ya 1950 na Ladji Camara kutoka Guinea kuwafundisha tena vijana weusi wa New York. Nimewaona wazee wa kimarekani hapa wanapiga djembe huku machozi yanawatoka. Mchungaji akisema ni mapepo mimi namuonea huruma tu, maana ni woga ule ule wa ngoma uliotumika kuwanyang'anya wenzetu.

Aliyekaa Bamako

Dogo nimalizie kwa la kazi maana naona umeiva sasa.

Harusini chukua Kuku na chukua Yankadi ikifuatiwa na Makru. Hii ni ya Wasusu wa pwani ya Guinea, yenyewe ni ya vijana kutongozana kwa heshima. Yankadi inaanza polepole, mstari wa wanaume na mstari wa wanawake wanaangaliana bila kugusana, halafu filimbi inalia mnaingia Makru yenye kasi na mistari inachanganyika. Kwa sendofu hakuna kitu kizuri kama hiki, na watu wetu wataielewa mara moja. Kassa iwekeni kwenye shughuli za wakulima, nane nane, ushirika, huko. Soli mjini Conakry wanaipiga hata harusini siku hizi, mambo yamelegea, lakini mimi ningewashauri muiache mpaka mtakapoalikwa kwenye shughuli ya jando, hapo itakuwa imefika kwao.

Tafuteni dunun. Kama hela hamna hata pipa moja la kati na kengele, dada yenu ashike djembe ya kuongoza, wewe shika sangban miezi kadhaa. Utaona kupiga kwako kunavyobadilika.

Na acheni kupiga mkiwa mmejipanga mnaangalia kamera. Harusi ya Bamako mama anainuka kwenye kiti, anashika kitenge kiunoni, anamjia mpigaji mpaka anakaribia kumkanyaga, anacheza kwa muda mfupi sana na mpigaji haondoi macho miguuni. Akikaza na mkono unakaza. Akitaka kufunga anatoa ishara ndogo tu, bega au kisigino, mpigaji anapaswa kuiona na kupiga ule mkato wa kufungia pale pale mguu wa mwisho unapotua. Ukichelewa umemuaibisha mbele ya wenzake, na hela anaiweka kwa mwingine. Kwa hiyo mazoezini kila siku awepo mtu mmoja anayecheza, hata kama hajui kucheza vizuri, na anayeongoza djembe apige akimtazama huyo.

Dogo wa Temeke

Mkuu Jumamosi tuna sendofu Mbagala, tunaingia na Yankadi. Dada kasema anakuja na djembe yake mwenyewe, kaifunga kamba upya jana. Kenkeni tumeahidiwa na fundi, sangban bado tunatafuta, mwenye gogo la mkongo lililokauka vizuri maeneo ya Dar au Pwani anicheki.